Picha ya Ndoole Dirishani

Chukudu ilimtupa kwenye mteremko wa Kibumba.
Viazi, magunia manne, vikamtangulia,
kichwa kikafuata,
na jiwe la mlima, jeusi, lenye meno, likakipokea.

Chukudu hiyo hiyo niliiuza.
Bauma jirani aliinunua, hakubishana sana bei;
alizihesabu franka juu ya kiti bila kuniangalia usoni.
Kwa hiyo iliyomwangusha ndiyo iliyomlipia
mlango wa ile mashine ya duara.
Wakamsukuma ndani kama mkate tanuruni.
Ikanguruma. Nikaambiwa nitoke.
Nikasimama ukutani na viatu vyake mkononi,
kimoja kina udongo ambao haujakauka.

Dokta Mushagalusa akabandika picha kwenye kioo chenye taa:
vichwa ishirini na vinne vya mume wangu,
kila kimoja kimekatwa kama kitunguu.
"Hapa damu imetuama.
Hapa mstari wa katikati umesogea, milimita saba.
Na hapa, ndani kabisa, nyuzi za kupeleka habari zimevutika,
kama waya za umeme za Birere baada ya upepo:
zipo, ila hatujui kama taa itawaka."

Atanijua?

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
"Kati ya watu kumi wenye picha kama hii,
wanne hurudi wakijua majina ya nyumbani kwao."
Na yeye ni wa ngapi?
"Mashine huhesabu kumi, mama. Mmoja haimjui."

Sisi wa Goma tunajua mambo ya kutabiriwa.
Mlima nao una mashine zake,
una sindano inayoandika usiku kucha.
Jumamosi ile tulikuwa tunakaanga sambaza
mbingu ikawa nyekundu, na hakuna aliyetuma neno.
Siku chache baadaye neno likaja: kimbieni.
Tukabeba magodoro mpaka Sake,
watoto mgongoni, sufuria kichwani,
na mlima ukakaa kimya kama mtu aliyeshiba.
Siwalaumu wenye sindano.
Wanasoma cha chini kwa kutikisika kwa juu.
Nami ndivyo nilivyomsoma Ndoole siku kumi na tisa:
kope,
kidole gumba,
koo likimeza mate.

Siku ya ishirini alifumbua macho, akaniita Kahindo.
Kahindo ni dada yake. Tulimzika Masisi
kabla mimi na yeye hatujaoana.
Nikaitika.
Ningefanya nini? Nikaitika.

Sasa ni mwezi wa saba.
Kijiko anakishika kwa mkono wa kushoto.
Kiazi anakiita jiwe, jiwe analiita asubuhi.
Dokta anataka picha nyingine,
anasema ubongo hujichongea njia za pembeni
kama watu wanavyozunguka barabara iliyomezwa na lava.
Huenda. Lakini chukudu nyingine ya kuuza sina.

Picha ya kwanza niliitia dirishani, pale kioo kilipovunjika,
misumari minne kwenye mbao.
Upepo wa ziwa hauingii tena.
Jua likichomoza hupenya vichwa vyote ishirini na vinne,
huanguka juu ya blanketi, bluu bluu,
naye hukaa akiutazama ubongo wake
ukimtembea taratibu kutoka gotini hadi kwenye vidole vya mguu.
Siku moja aliufunika kwa kiganja, kama anayeshika panzi.

Juzi chukudu ya Bauma ilipita nje imejaa mbao,
gurudumu likilia kilio kile kile.
Ndoole akainua kichwa.

"Pisha!"

Sauti nzima, ya mteremkoni, ya mtu mwenye mzigo.
Nilikuwa mlangoni, namenya viazi.
Nikavuta beseni,
nikapisha.